Mkeka wa Mize

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale nami sikuwapo. Nawapeni nilichokipokea, nilichokitilia shaka nimekiacha nyuma.

Palikuwa na kijiji chenye ada moja: mwanamwali haolewi ila juu ya mkeka alioushona kwa mkono wake. Mkeka ukikamilika, harusi haikataliki.

Huko aliishi Mize, binti Makame. Babaye alimwahidi kwa rafiki yake aliyefiwa na mke. Mize alisuka kili zote, zile kanda ndefu za ukindu zishonwazo kuwa mkeka, akazikunja, akaziweka darini. Hakuziunganisha.

Mama akalia. Hakushona. Baba akafoka. Hakushona. Kisimani wenzake wakamcheka: "Utazeeka na ukindu wako!" Hakushona.

"Siku nitakayotaka kuolewa nitashona," alisema. "Leo sitaki."

Siku moja alikwenda kuni. Shangaziye, Riziki, akaitwaa sindano. Chwa! Chwa! Chwa! Mize aliporudi, mkeka umekwisha, na wakwe wamo barazani.

"Si kazi yangu," akasema Mize.

"Mwongo huyu!" akadakia shangazi. "Ameshona, sasa anaona haya."

Akaitwa Bi Kazija, ajuza aliyewafundisha wanawake wote wa kijiji kushona mikeka. Akaupindua mkeka, akaupapasa mgongoni.

"Mishono imelalia kushoto; ya Mize hulalia kulia. Lakini macho yangu yamezeeka; msiniamini mimi. Riziki, mwanangu, nishonee shubiri moja hapa."

Riziki akaishika sindano kwa mkono wa kulia. Chwa... uwi! Akajidunga kidole. Baraza zima likacheka.

"Tangu lini ukashonea kulia, Riziki? Nilikata tamaa ya kukuhamisha mkono ungali mtoto. Shika unavyoshika."

Akaihamishia sindano mkono wa kushoto. Chwa! Chwa! Chwa! Mishono ikalalia kushoto, sawasawa na ile.

Makame akasema, "Bi mkubwa, sisi ndio wazazi wake. Mkono wetu si mkono wake?"

"Ungekuwa wake, msingengoja aende kuni."

Bi Kazija akafumua mkeka, mshono kwa mshono, mbele ya wakwe. Akamrudishia Mize kili zake, na sindano juu yake.

"Shona, au usishone."

Wako wasemao alishona miaka saba baadaye. Wako wasemao hakushona kamwe. Ushahidi sina, wala jibu halibadilishi hukumu: jamaa wana haki ya kushauri, hata ya kulia, hawana haki ya kukubali kwa niaba ya aliyekataa.

Hadithi yangu naikomesha hapo. Mwenye shaka na aupindue mkeka.