Ubao Wenye Namba

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mnisaidie. Kisa hiki nimekibeba muda mrefu, na kila nikifika mwisho nakwama.

Kando ya Ziwa Nyasa aliishi mama mmoja, Filotea. Binti yake Tarsisia, mwalimu mjini Songea, alikuwa na kipaji cha kusoma: karatasi yoyote, hata ya serikali, aliisoma mpaka akajua inataka nini. Mwanawe Otmari, seremala wa kijiji cha jirani, alikuwa na kipaji cha mikono: alichokiunda kilikaa, na alichokifungua hakikuvunjika. Mkwewe Wilfrida, mke wa mwana mdogo aliyekuwa kazini Mbeya, aliishi na mama huyo. Kipaji chake kilikuwa kusikiliza. Aliweza kukaa na mtu asubuhi nzima bila kumuuliza kitu, na mtu yule akaondoka akidhani wamezungumza sana.

Ufukweni mbele ya nyumba yao ilikuwepo boti kuukuu ya mbao. Miaka tisa nyuma, Mzee Longino, mume wa Filotea, aliondoka nayo kwenda kuvua. Ziwa likachafuka. Boti ilirudishwa na mawimbi ikiwa tupu, na Longino hakuonekana tena, wala mwili wake. Tangu hapo hakuna aliyeisogeza. Misumari ilichomoza ikawachana miguu wachota maji, na injini ikaanza kuvuja mafuta palepale wanapochota. Serikali ya kijiji ikaagiza iondolewe kabla ya masika.

"Iburuteni mkaizamishe huko mbele," jirani alishauri. "Ziwa lote hili litakosa pa kuiweka?"

Lakini sheria ilikataza kuizamisha, na ilikataza kuichoma ufukweni. Boti ilikuwa na namba ya usajili, na namba ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe ndiye aombe ifutwe. Kama ni marehemu, warithi walete hati ya kifo.

"Hati ya kifo cha nani?" aliuliza Mama Filotea. "Mimi sijamzika mtu."

Tarsisia alisafiri mara nne, ofisini na mahakamani. Akagundua kwamba mahakama inaweza kumtamka marehemu mtu aliyepotea miaka mingi, mkewe akiapa kwamba hajasikia habari zake. Aliandika maombi, akawatafuta wavuvi wawili waliokuwa ziwani siku ile, akajaza kila nafasi iliyokuwa wazi. Kilichobaki kilikuwa kiapo cha mama. Bila Tarsisia, boti ingezamishwa kwa siri, nyavu za watu zingenasa, na familia ingekuwa na kesi.

Mama Filotea alikuwa na desturi ya kufagia ndani ya boti kila asubuhi, kisha anakaa. Wilfrida naye akaanza kupanda na kukaa ubao wa pili, kimya.

"Wifi," Tarsisia alimtania kwa uchungu, "wenzio tunahangaika na mahakama, wewe umekaa kama abiria!"

"Nimekaa, wifi. Jaribu uone kama si kazi."

Siku ya ishirini na moja mama alisema, "Asubuhi ile tuligombana. Aliomba nimfungie ugali, nikamnyima. Nikiapa kwamba amekufa, nimemzika na njaa yake."

Wilfrida hakumwambia kwamba hana kosa. Aliuliza tu, "Alipenda ugali na nini, mama?"

"Na dagaa wetu, usipa. Mkavu, mpaka ulie mdomoni." Mama akacheka, kisha akalia mpaka jua likawa utosini. Kesho yake alikwenda kuapa. Bila Wilfrida, karatasi zote zingebaki kabatini.

Mahakama ilipomtamka Longino marehemu, kibali cha kuiondoa boti kikatoka, kikiwa na masharti: mafuta yatolewe bila tone kuingia majini, boti ifunguliwe nchi kavu, na ubao wenye namba ufikishwe ofisini mzima. Ubao ule Longino aliuchonga kwa mkono wake, na sasa ulikuwa laini kama mkate uliolowa.

"Huo utakufia mikononi," mafundi wenzake walimwambia Otmari.

Alifanya kazi siku tisa. Alikinga mafuta ndani ya mapipa, akang'oa msumari mmoja mmoja, na ule ubao akautoa bila ufa, akauzungushia kanga ya mama yake. Bila Otmari, kibali kingekuwa karatasi tu. Huko ofisini afisa alitoboa tundu katikati ya namba, akasema, "Imefutwa. Ubao chukueni, ni wenu."

Siku waliyorudi, Mama Filotea aliupakata ubao mbele ya wote watatu.

"Baba yenu hana kaburi," alisema. "Huu ndio utakaosimikwa. Atakayekabidhiwa, ni kwake mtakakokutana kumwombea kila mwaka, na mimi nikifa nizikwe kando ya ubao huu. Nataka awe yule aliyetuondolea boti."

"Mikono yangu ndiyo iliyoitoa, mama," alisema Otmari.

"Ungegusa msumari gani bila kibali?" Tarsisia alimjibu.

"Na kwako mjini baba atapumzikaje, na kelele zile?" Otmari akamrudishia.

"Basi tumpe Wilfrida!" alisema Tarsisia. "Mumewe akimwita Mbeya, ubao nao upande basi?"

Mama akamgeukia mkwewe. "Na wewe, mwanangu?"

"Mimi nilikaa tu, mama."

Mama Filotea aliinua ubao, akalitazama ziwa kupitia lile tundu, muda mrefu. Kisha akaushusha, akawatazama mmoja baada ya mwingine, na mikono yake haikujua ielekee wapi.

Hapo ndipo ninapokwama. Nimemtetea kila mmoja wao, na kila mara nimewaonea wawili. Sasa nauweka ubao mapajani mwako, wewe unayenisikiliza. Utamkabidhi nani?