Mlisha Simbilisi

Mlisha simbilisi huketi chini. Ndivyo alivyosema yule mama kule mashineni leo, nanyi mkacheka, mkauliza simbilisi ameingiaje katika habari za mgonjwa anayekataa uji. Tulieni niwaambie alivyoingia.

Huko Njombe ya juu, kwenye viazi na miti ya miwati, aliishi mwanamke aitwaye Filotea. Mumewe, Desideri, alikuwa mpasua mbao, na kazi ya mbao humtoa mtu nyumbani miezi mitatu, minne. Watoto wao wawili walikuwa shule za bweni. Kwa hiyo shamba lilikuwa la Filotea, kuni zake, maji yake, na tangu mwezi wa tano mama mkwe pia alikuwa wake.

Mama mkwe huyo, Bibi Solana, alikuwa amefiwa na mumewe. Nyumba yake ilikuwa bondeni, ukuta mmoja umeanza kulala, lakini aliipenda vilevile, kama mtu anavyopenda kiatu kilichokwisha kuuzoea mguu wake. Walimbembeleza mpaka akakubali kuhama. Alikuja na blanketi lake na kapu moja, na ndani ya kapu mlikuwa na simbilisi dume, mwekundu, mwenye baka jeupe usoni. Simbilisi mnawajua, wale wanyama wadogo wasio na mkia, wanaolia kwi, kwi wakisikia hatua za mtu. Wengine huwafuga kwa kitoweo. Kwa Bibi Solana walipata kufika ishirini, wakikimbizana kati ya mafiga, mpaka ugonjwa ukapita ukamwachia huyo mmoja.

"Huyu ndiye aliyebaki wa nyumba yangu," alimwambia Filotea siku ile ya kwanza, akimkabidhi kapu kwa mikono miwili. "Siku akifa, nirudisheni kwangu nikakae na kuta zangu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja siku ya gulio, na hilo ndilo lililomtisha Filotea, kwa sababu alijua ukuta ule hautavumilia mvua nyingine, na alimjua mama mkwe wake: akishasema neno, amelisema.

Sasa Filotea alikuwa amelelewa na shangazi aliyeshika sana adabu. Kwa shangazi huyo, mtu wa heshima hatazamwi akila. Unapiga goti, unaweka chakula, unasema karibu, unatoka, unavuta mlango. Ndivyo Filotea alivyomhudumia mama mkwe wake chumbani, asubuhi na jioni. Na kwa kuwa simbilisi alikuwa wa mama mkwe, naye akapewa heshima hiyohiyo. Filotea aliweka majani ya kabichi kwenye sahani kuukuu kando ya mafiga, akatoka, akavuta mlango wa jiko. Aliporudi aliyakuta yamelala alivyoyaacha, yamenyauka ncha.

Akajaribu figiri. Akajaribu majani ya maboga, akajaribu karoti aliyoiomba kwa jirani. Alikata vipande virefu, kesho yake akakata vidogo. Aliviweka kwanza karibu na moto vipoteze ubaridi, maana asubuhi za mwezi wa sita kule umande huganda juu ya majani ukawa barafu. Siku moja akatia hata chumvi. Simbilisi alisogea, akanusa, akarudi nyuma ya kuni. Alichokula ni pumba kavu tu, nazo kwa kudonoa.

Bwana mifugo alipopita kuchanja ng'ombe, Filotea akamwomba amtazame simbilisi. Akambonyeza magoti, akamfunua mdomo, akatikisa kichwa. Alieleza kwamba mnyama huyu mwilini mwake hana akiba ya mboga. Asipokula kitu kibichi kila siku, viungo huvimba, meno hulegea, naye huisha polepole. Huyu alikuwa ameshaanza kuchechemea. Akampa wiki mbili.

Jirani mmoja, mzee Ludgeri, aliyezoea kuja kuomba kaa la moto, alimkuta Filotea akimsogezea simbilisi jani kwa kijiti.

"Kamwene, mama," akasalimu. "Bado mnabembelezana tu? Mtie sufuriani pamoja na hiyo kabichi, humo watapatana."

Siku nyingine Filotea angemjibu. Siku hiyo alimpa kaa lake, akarudi kwenye kijiti.

Na kule chumbani mambo hayakuwa mazuri zaidi. Sahani ya ugali na maharage ilitoka karibu kama ilivyoingia, imetobolewa upande mmoja kwa ajili ya adabu tu. Kila Filotea alipoinama kuichukua, Bibi Solana aliuliza kama simbilisi amekula. Filotea alijibu kwamba anaonjaonja. Bibi hufumba macho, na Filotea hutoka na sahani, akijua kwamba hakuna aliyedanganyika.

Ikafika Alhamisi moja. Filotea alikuwa amechimba viazi tangu alfajiri. Toroli la kubebea magunia halikutokea, basi akavibeba mwenyewe mpaka barabarani, mara nne, kichwani. Aliporudi jua lilikuwa limepinda, na tangu jana yake jioni hakuwa ametia kitu tumboni. Hata hivyo alipasua kabichi, akapanga majani kwenye sahani, akapiga goti pale kando ya mafiga akaiweka.

Goti halikuinuka.

Alijaribu tena, likakataa. Basi akajiachilia, akakaa palepale sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha na matope yake. Akawaza kwamba ni lazima atoke, avute mlango, akamwone mama. Akawaza hivyo na hakutoka. Mkononi alikuwa bado ameshika shina la kabichi, jani moja refu linaning'inia. Njaa ikamwambia, kwani hiki si chakula? Akaliuma. Kacha. Akatafuna macho yakiwa yamefumba.

Kando yake akasikia kacha nyingine, ndogo.

Alifumbua jicho moja. Simbilisi alikuwa ameegemea paja lake, ameshika ile ncha ya jani, anakula. Filotea aliacha kutafuna, na simbilisi naye akaacha, akasubiri. Filotea akauma tena. Mnyama akaendelea. Hivyo wakalimaliza jani lile, huyu kwa huku, yule kwa kule.

Alipoinua macho, Bibi Solana alikuwa mlangoni, ameshikilia ukuta. Wiki nzima alikuwa hajatoka chumbani. Alitoka kwa sababu sahani ya jioni ilichelewa na nyumba ilikuwa kimya mno.

"Anakula," Filotea akasema.

"Anakula nini?"

"Kabichi, mama. Hii yangu. Ile ya kwenye sahani hajaigusa."

Bibi Solana akamtazama simbilisi. "Kwangu hakuwa na usumbufu."

"Ulikuwa unamlishaje? Nimekuuliza mara ngapi, mama, nawe unasema alikuwa anakula tu."

Bibi alifikiri, kama mtu aliyeulizwa ni mguu gani huutanguliza akitembea. "Sikuwahi kumlisha. Nilikuwa nakaa hapo chini namenya, natafuna shina. Mzee wangu anatafuna lake. Nao simbilisi wanatafuna. Hakuna aliyemlisha mwenziwe."

"Na mimi naweka natoka."

"Unaweka unatoka," Bibi akasema. Hakuwa na lawama. "Na mlango unavuta."

"Nilifundishwa hivyo."

"Ulifundishwa vizuri. Lakini mlisha simbilisi huketi chini, mwanangu."

Filotea akamtazama yule mama pale mlangoni, mikono yake ilivyokonda, blanketi linavyomteleza begani. Zikamjia zile sahani zote alizoziingiza kwa goti na kuzitoa kwa goti.

"Na wewe, mama? Asubuhi ulikula?"

"Nani atakula akitazamana na ukuta?"

Ilimpasa Filotea kusimama, kuomba radhi, kusonga ugali wa moto. Lakini hakuwa na mguu wa kusimamia.

"Basi keti," akasema. "Mimi siwezi kunyanyuka."

Bibi Solana akaja taratibu, akamshika bega, akajishusha mpaka chini. Filotea akavunja shina, akampa kipande. Bibi akakilalamikia kwamba kigumu, akakila kwa meno yake machache, akanyoosha mkono kutaka kingine. Simbilisi akapita juu ya miguu yao, kwa huyu, kwa yule, asijue wapi aanzie.

Ludgeri aliwakuta hivyo alipokuja kwa kaa lake, wanawake wawili na simbilisi sakafuni, kabichi mbichi katikati. Akaulizia, akaambiwa, akaenda kulisimulia neno lile kilabuni ili watu wacheke. Walicheka kweli. Lakini neno likawabaki masikioni, na wakaanza kuambiana majumbani.

Simbilisi aliacha kuchechemea, ingawa haikuwa mara moja. Mvua za mwaka ule zikauangusha ule ukuta wa bondeni, na Bibi Solana alipopewa habari aliuliza tu kama mlango umepona, maana ule ni mninga. Filotea hakupunguziwa gunia hata moja. Alichoka kama zamani, lakini jioni alikaa, na sahani ikawa moja.

Sasa mnaona huyo wa leo, mgonjwa anayeachiwa kikombe cha uji kitandani kila asubuhi, na kila jioni hukutwa kimeganda. Jirani wanasema ana kiburi. Yule mama wa mashineni hakusema ana kiburi, wala hakusema uji ni mbaya. Alimwambia mleta uji jambo moja tu, kwa upole, kwa sababu anajua kwamba huyo naye amechoka: mlisha simbilisi huketi chini.