Amina Mia na Karavati la Bondemaji

Amina mia hazizibui mtaro.

Ndivyo fundi viatu alivyomwambia kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki iliyogoma kuwaka, anaiombea badala ya kuifungua plagi. Wenzake waliokuwa wakinywa uji kwa Bibi Havijawa walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Kisha wakaanza kuulizana: haya maneno kayatoa wapi huyu fundi?

Bibi Havijawa hakucheka. Alifunika sufuria, akapangusa upawa, akawaambia, "Mnacheka kwa sababu hamkuwepo. Msemo huo una kwao, na kwao ni hapo hapo mnapotupa vikombe vyangu. Ulizaliwa hivi."

Bondemaji ni mtaa wa bondeni katika jiji lenye watu wa kila namna, na mkazi wake hana haja ya kununua saa. Adhana ikinyamaza, kengele ya kanisa inalia. Kengele ya kanisa ikichoka, ile ndogo ya hekalu la Wahindu inapokea. Nyumba hizo tatu za ibada zimepeana migongo kama watu walionuniana kitandani, na katikati ya migongo hiyo unapita mtaro mmoja. Mtaro haukuwa na dini. Ulipokea maji ya udhu, maji ya maua ya hekaluni na maji ya masufuria ya akina mama wa kwaya, ukayapeleka yote kwenye karavati lililo chini ya barabara.

Mwaka huo karavati likaziba. Tope liliingia likaganda, juu yake magunia, juu ya magunia godoro la mtu asiyejulikana, maana godoro likishatupwa mtaroni halina mwenyewe.

Nyumba ya mwisho kabla ya karavati ilikuwa ya Bi Mwanaisha Shomvi. Kiharusi kilikuwa kimemchukua miguu yote miwili, kikamwachia ulimi, tena kikamwachia mzima. "Miguu yangu imetangulia peponi," alikuwa akisema. "Imekwenda kunishikia nafasi."

Aliyempikia, akamwogesha na kumsuka alikuwa jirani yake wa juu, Mwalimu Skola Mkude, Mkatoliki, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza. Watu walikwishazoea kumwona Mwalimu Skola amevaa rozari shingoni, ameshika birika, anammiminia Mwanaisha maji ya udhu. Alikuwa pia katibu wa kamati ya mtaa, kwa sababu ya mwandiko. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama mstari wa paredi. Miaka thelathini na moja alifundisha watoto kwamba daftari lililofutwafutwa ni uso usionawa, na mwenyewe hakuwahi kufuta neno kwa kalamu. Akikosea herufi moja, alichana ukurasa akaanza upya.

Mwalimu Skola alijua jambo moja lililomnyima raha: masika yakikuta karavati limeziba, maji yataanzia kwa Mwanaisha, na Mwanaisha hawezi kukimbia.

Akafuatilia. Alipanda ngazi za ofisi ya injinia mpaka mlinzi akawa anamwita shangazi. Mwisho injinia akashuka mwenyewe, akatazama, akasema katapila lipo kata ya jirani, litakuwepo mpaka Alhamisi. Ila haliwezi kuufikia mtaro bila kubomoa kipande cha uzio wa msikiti, wa kanisa na wa hekalu. "Nileteeni muhtasari wa kikao chenu wa kukubali, wenye mihuri mitatu. Alhamisi, mwisho saa tisa na nusu alasiri. Ikipita hapo, dereva anaondoka nalo."

Kikao kilikaa Jumanne jioni. Jumatatu kilishindikana, Bwana Jayantilal wa hekaluni alikuwa amefunga. Na huwezi kuamini jinsi kilivyokwenda vizuri. Mzee Hemedi Shekilindi, katibu wa msikiti, aliombwa afungue. Akainua mikono, wengine wakainamisha vichwa, Bwana Jayantilal akaunganisha viganja. Mzee Hemedi akamwomba Mungu aunusuru mtaa. Huyu akasema "Amin", yule akasema "Amina", mambo yakaisha. Kwa dakika kumi wote watatu walikubali uzio ubomolewe.

"Bomoeni hata choo," alisema Katekista Mkoba, msimamizi wa kanisa. "Maji yakija hayatauliza choo ni cha nani."

Mwalimu Skola alirudi nyumbani anatembea kama msichana. Jumatano nzima aliandika muhtasari, kurasa tatu safi. Na pale juu kabisa, mkono uliozoea vikao vya jumuiya kanisani ukaandika wenyewe: *Kikao kilifunguliwa kwa sala.*

Alhamisi saa tatu asubuhi alianzia dukani kwa Bwana Jayantilal, muuza nyuzi na vifungo. Bwana Jayantilal akasoma jina lake, akaona limeandikwa sawa, akagonga muhuri. Kisha akaenda msikitini. Mzee Hemedi akavaa miwani, akasoma mstari wa kwanza, akavua miwani.

"Mwalimu, sala tuliswali saa ngapi pale?"

"Si ile uliyotufungulia wewe mwenyewe, mzee wangu?"

"Ile ilikuwa dua. Sala ina udhu, ina rakaa, ina kibla. Nikigonga muhuri hapa nimeshuhudia kwamba niliswalisha mchanganyiko wa wake kwa waume, na Katekista, na Jayantilal, bila udhu, tena tumekaa kwenye viti! Kesho Ijumaa nitauweka wapi uso wangu?"

Mwalimu Skola hakuona ubaya. Neno la mzee lilikuwa la haki. Akarudi nyumbani, akaandika upya kurasa zote tatu, safari hii *kwa dua*. Akapita kwa Jayantilal agonge tena, Mzee Hemedi akagonga, akaenda kanisani. Saa sita ilikuwa imekwishaingia.

"Dua?" Katekista Mkoba aliuliza. "Mwalimu, wewe mwanaparokia kabisa! Baba Paroko akilisoma hili atasema Katekista wake siku hizi anahudhuria visomo. Andika maombi. Maombi hayana mwenyewe."

Akaandika *maombi*. Mzee Hemedi akaruka. "Maombi ni ya wale wa vipaza sauti kule juu. Nitaulizwa kama na mimi niliangushwa chini nikatolewa pepo!"

Mdomoni neno lilipita bila kumkwaza mtu. Lilipopanda kwenye karatasi ndipo likavaa, mara kanzu, mara joho. Mwalimu Skola aliketi kitandani kwa Mwanaisha akaandika nakala ya nne.

"Shoga, umekuwa mwanafunzi mtoro unaandikishwa adhabu?" Mwanaisha alimtania. "Andika tu kikao kilifunguliwa. Nani ataulizia ufunguo?"

Akaandika hivyo. Akakimbia. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Mzee Hemedi na Katekista Mkoba walikubaliana: haiwezekani. Kikao bila Mungu? Watu wazima watatu, wenye mvi, waonekane mbele ya serikali kama wapagani?

Saa nane na nusu aliwashika mikono wote wawili kama watoto waliopigana, akawakokota hadi dukani kwa Bwana Jayantilal. Huyu aliwasikiliza huku anapima uzi, kisha akasema, "Ndugu zangu, mimi leo nimegonga muhuri mara nne, mkono unauma. Andikeni: kila mtu alimkumbuka Mungu kwa njia yake. Si ndivyo ilivyokuwa?"

Ndivyo ilivyokuwa.

Mwalimu Skola akaegemea kaunta, katikati ya makopo ya vifungo, akaandika. Kurasa tatu. Hakufupisha, hakufuta. Hata katika haraka ile kila herufi alikaa nayo. Mihuri mitatu ikagongwa, wakatoka wote wanne mbiombio, Katekista mbele, Bwana Jayantilal nyuma ameshika kiuno.

Walifika ofisini saa kumi kasoro robo. Karani alikuwa anafunga mlango. Akaupokea muhtasari, akausoma, akawarudishia.

"Katapila limeondoka, wazee. Limepandishwa kwenye lori saa ile ile ya tisa na nusu. Likirudi ni baada ya masika."

"Tulichelewa kwa ajili ya neno moja tu," Mzee Hemedi alisema. "Ilibidi Mwalimu aandike upya."

Karani akamtazama Mwalimu Skola kwa huruma. "Mama, si mngelikata kwa kalamu, mkaweka saini pembeni? Hapa kila siku tunapokea zilizofutwa."

Mwalimu Skola alizitazama zile kurasa tatu safi, akazikunja mara nne.

Siku tisa baadaye, Jumamosi, mvua ilianza alfajiri. Saa mbili asubuhi Mwalimu Skola aliingia kwa Mwanaisha akakuta maji yamefika magotini na ndala zinaelea. Akambeba, yeye mwenye miaka sitini na sita, akamweka juu ya meza ya chakula, akapiga yowe dirishani.

Na watu walikuja, tusiwasingizie. Walitoka msikitini, walitoka kwenye mazoezi ya kwaya, walitoka hekaluni, na majembe na mitarimbo. Mzee Hemedi na Katekista Mkoba walishika mtarimbo mmoja, wakadunga karavati huku maji yakiwafika kifuani. Godoro lilitoka. Magunia yakatoka. Tope halikutoka. Lilikuwa limekuwa zege, kazi ya chuma si ya mikono, na mikono ilichubuka yote, na damu yake ikawa rangi moja kwenye maji yale.

Wengine walijaribu kuusukuma mlango wa Mwanaisha, maji yakaushikilia kwa ndani. Humo ndani Mwalimu Skola alikuwa amesimama, maji kiunoni, amemkumbatia rafiki yake juu ya meza.

"Shoga," Mwanaisha alisema, meno yanagongana, "andika. Kikao kimefungwa saa tatu."

"Nyamaza, Mwanaisha. Wanakuja."

"Na uandike vizuri. Usifute."

Ukuta wa nyuma ukalala. Maji yote ya juu yaliingia kwa mara moja. Waliovunja dirisha walimkuta Mwalimu Skola ameng'ang'ania nondo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika khanga ya Mwanaisha, khanga tupu. Mwenyewe walimpata mchana, kwenye mdomo wa karavati. Hata yeye hakuweza kupita.

Siku ya tatu ilisomwa hitima. Waliketi chini ya turubai, Waislamu kwenye mikeka, wengine kwenye mabenchi, mtaa mzima. Mzee Hemedi alimwombea marehemu, kisha sauti ikamkatika akaongeza, "Na mtaro wetu huu, ya Rabbi, utuzibulie." Wakaitikia "Amin." Katekista Mkoba akaomba ruhusa ya kusema neno, naye akaomba hivyo hivyo, wakaitikia "Amina." Bwana Jayantilal akaunganisha viganja, machozi yanamtiririka. Kila aliyetajwa aliombewa, na kila ombi likaitikiwa, ikawa kama watu wanashindana nani ana majonzi zaidi.

Mwalimu Skola alikuwa amekaa pembeni na wanawake. Mdomo wake haukufunguka.

Mzee Hemedi aliliona hilo. "Mwalimu," alimwambia taratibu, "hata kumwitikia mwenzako?"

"Nimeitikia tangu nazaliwa, Mzee Hemedi," alisema. Hakupandisha sauti. "Nimeitikia darasani, nimeitikia kwenye ndoa, nimeitikia kwenye majeneza. Alhamisi ile hapakuwa na aliyekosa Mungu. Tulikosa kalamu ya kufutia, na wa kwanza kuikosa ni mimi. Amina mia hazizibui mtaro."

Mzee Hemedi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena.

Mwalimu Skola aliacha ukatibu siku hiyo. Kwa wiki nzima walimwona asubuhi karavatini na jembe la mkono mfupi, anachokoa tope peke yake, kama mtu anayefukua kitu alichodondosha. Kisha mwanawe akaja kumchukua, akaondoka naye, hakurudi.

Bibi Havijawa alipangusa tena upawa wake. Uji ulikuwa umepoa mikononi mwa vijana.

"Na katapila je, Bibi?" aliuliza yule wa pikipiki. "Si walisema litarudi baada ya masika?"

"Lilirudi. Ofisini wakasema muhtasari ule tarehe yake imepita, uandikwe mwingine. Kamati ikakutana, na kama kawaida wakaulizana wafungue kwa neno gani. Safari hii hawakubishana hata kidogo. Walisema tufungue kwa maneno ya Mwalimu Skola, hayo hayana dini. Mpaka leo ndivyo wanavyofungua, na mpaka leo wanajadili nani aandike. Katapila lilishaondoka zamani."

"Wanafunguaje?"

"Mwenyekiti anasimama, watu wote wanasimama. Anasema kwa sauti nzito: 'Amina mia hazizibui mtaro.'"

Bibi akafunua sufuria, akatazama ndani.

"Na kikao kizima kinaitikia: 'Amina.'"