Ufunguo wa Gari la Mabibi Harusi

Hapo zamani, wala si zamani zile za sungura na fisi, katika mji mmoja juu ya milima ya Usambara, alikuwapo mjane akiitwa Bi Mwanahawa. Bi Mwanahawa alikuwa na gari. Na gari lenyewe, jamani! Rangi ya maziwa, taa za duara, viti vya ngozi, la miaka ileile ya Uhuru. Marehemu mumewe alilitumia kuwashusha mabibi harusi hadi Mombo, kwa waume zao. Alipofariki, Bi Mwanahawa akashika usukani mwenyewe. Msichana wa mji ule ambaye hakushuka mlima ndani ya gari lile alijiona kama hajaolewa.

Lakini breki zake zilikuwa za kizamani, zile za ngoma, zilizofungiwa ndani ya chuma cha duara. Kwenye mteremko mrefu zilipata moto, zikanuka, kisha pedali ikazama. Siku moja, akimshusha binti wa jirani, Bi Mwanahawa alikanyaga, akakanyaga, gari halisikii. Akaliingiza kwenye lundo la mchanga kando ya barabara. Hakuumia mtu, ila bibi harusi alifika kwa mumewe anatetemeka, vumbi mpaka kwenye hina.

Bi Mwanahawa akalifunika gari shuka. Moyo ulimuuma, maana mjukuu wake Salha, aliyemlea tangu yu mchanga, alikuwa karibu kuolewa. Akatangaza mbele ya watu: "Atakayeliwezesha gari hili lishuke na kusimama, ufunguo ni wake. Mimi nitamshusha Salha wangu, kisha basi. Yeye atawashusha wengine."

Akaja Shekiondo, fundi wa gereji ya sokoni. "Mama, dawa yake ni breki za diski huku mbele. Diski iko wazi, inapigwa na upepo, haishiki moto ovyo." Alikuwa nazo diski nzuri, amezitunza kwa ajili ya gari alilokuwa akiota kulijenga. Akazitoa. Akachonga vyuma vya kuzishikilia, vikagoma kukaa. Akachonga vingine, vikakaa.

Bi Mwanahawa akauliza, "Linasimama?"

"Litasimama, Mama. Ila sasa magurudumu hayaingii." Rimu za zamani zilikuwa ndogo. Kile chuma kinachobana diski kiligonga ndani ya rimu, na gurudumu halikuzunguka.

Akaja Asina, fundi wa tairi. Akapima rimu za mji mzima. Hizi kubwa, lakini matundu ya nati hayalingani. Hizi yanalingana, lakini zinagonga. Mwisho akaitazama pikapu yake ya kubebea kabichi, akaguna. Jeki ikaingia chini, rimu zote nne zikatoka, pikapu ikabaki juu ya mawe, na msimu wa kabichi ndio kwanza umepamba moto. Rimu zikaingia kwenye gari la Bi Mwanahawa, zikakaa sawasawa.

"Linasimama?"

"Linasimama, Bibi!" akajibu Asina. Shekiondo akalizungusha mtaani, akakanyaga, likatulia papo hapo. Vigelegele vikapigwa.

Hakupiga kigelegele Bi Mwanjaa, kungwi wa mji, mwanamke mwenye mwili wake na sauti yake. "Ndani alikuwa nani?"

"Mimi," akasema Shekiondo.

"Wewe peke yako, na wembamba huo? Tangu lini bibi harusi akashuka peke yake?" Akawaita mashangazi wa Salha. Wakajazana nyuma na masanduku yao na mikungu ya ndizi, huku wakisukumana na kucheka. Yeye akaketi mbele. Gari likalala chini kwa uzito. "Haya, kata usukani mpaka mwisho."

Kwaruu!

Shekiondo akainama kuchungulia, akainuka uso umemshuka. Tairi la pikapu lilikuwa pana, na kwa uzito ule lilisugua mpira unaopeleka mafuta ya breki. Ungekatika kwenye kona, diski zote zile zingekuwa pambo. Akauhamisha mpira, akaubana mbali na tairi. Mashangazi wakapanda tena. Usukani kushoto, usukani kulia. Kimya.

Siku ikafika. Bi Mwanahawa akashuka na Salha, Bi Mwanjaa na jeshi zima la mashangazi. Walipokaribia pale penye mchanga, Bi Mwanahawa akaukamata usukani kwa mikono miwili. Kwenye kona, mbuzi wamejaa barabarani. Akakanyaga. Gari likasimama, na mbuzi mmoja akabaki anajitazama kwenye taa. Salha akamshika bega kwa mkono wenye hina. "Bibi, unalia?"

"Ninaendesha, mwanangu. Niache."

Walipofika Mombo, akauchomoa ufunguo. Mafundi wale wawili walikuwa wametangulia kwa basi, wanamsubiri.

"Mama," Shekiondo akasema, "marehemu ndiye aliyenifundisha kushika spana. Lililosimamisha gari ni diski zangu."

"Bibi," Asina akasema, "mama yangu alishushwa na gari hili. Leo linakwenda kwa miguu ya pikapu yangu, na kabichi zangu zinaozea shambani."

Bi Mwanjaa alichelewa kusema, na aliposema, sauti yake kubwa haikusikika vizuri. "Bila mimi, leo tungekuwa korongoni. Na mimi, dada, sijawahi kuolewa. Kila harusi ya mji wetu nimeketi ndani ya gari hili nikimsindikiza binti wa mtu. Lori la chai niliendesha miaka, unajua. Niacheni na mimi nishike usukani."

Bi Mwanahawa akawatazama wote watatu, na wote aliwapenda. Ufunguo ulikuwa mmoja, na kiti cha mumewe kilikuwa kimoja. Salha alikuwa amekwisha ingia kwa mumewe, na huko juu mlimani binti mwingine alikuwa tayari anapakwa hina.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msinikodolee macho. Mkono wa Bi Mwanahawa umenyooshwa, ufunguo uko kiganjani. Je, nani alistahili kuuchukua?