Sanduku Lililotangulia Gaborone

Asiyefunua paspoti asifunge sanduku.

Mwavua aliyasema maneno hayo akiwa mlangoni, kisha akaenda zake jikoni. Aliwaacha wanawe wawili, Sitta na Mektilda, wameketi juu ya sanduku wakilikandamiza lipate kufungika. Kesho yake walikuwa wanaondoka kwenda Gaborone kumsalimia bibi yao. Watoto wakacheka. Sitta akasema methali za mama huota zenyewe nyuma ya nyumba kama mchicha, hakuna kitabu utakamozikuta.

Babu yao Maganga, mjomba wake Mwavua, alikuwa kitini anamenya karanga. Hakucheka. Aliwaamuru washuke kwanza juu ya sanduku, maana hata sanduku lina heshima zake, kisha akawaambia kwamba methali hiyo haikutungwa na mtu aliyekaa akafikiri. Ilizaliwa hapahapa Tabora, mwaka wa tisini na tano, na aliyeizaa kwa uchungu ni mama yake mzazi, Bi Nyamizi. Ilivyokuwa ni hivi.

Bi Nyamizi alikuwa mjane wa karani wa reli. Mumewe, Mzee Kapaya, alikuwa mtu wa saa na tarehe. Nyumbani kwake hata kuku waliingia bandani kwa ratiba, na mgeni aliyechelewa chakula aliandikiwa maelezo. Mwaka wa themanini na tatu moyo wake ukaanza kumsumbua, akapelekwa India kutibiwa, na mkewe akamsindikiza. Ndipo Bi Nyamizi alipopata paspoti. Walikaa huko miezi miwili, wakarudi na dawa za mfuko mzima na kitambaa kimoja cha hariri cha rangi ya zambarau, ambacho mzee alikinunua baada ya kubishana bei mpaka mwenye duka akamwomba aketi apumzike.

Miaka miwili baadaye Mzee Kapaya akafariki. Bi Nyamizi akaifunga paspoti yake ndani ya kitambaa kile, akaiweka chini kabisa ya kasha. Kila mwaka, siku za kufagia nyumba kwa ajili ya sikukuu, alikitoa kile kifurushi, akakipangusa vumbi, akakirudisha. Hakukifunua hata mara moja. Ndani yake mlikuwa na India, na ndani ya India mumewe alikuwa bado hai, amevaa koti la kuazima, anamshika mkono wavuke barabara yenye ng'ombe wasiomwogopa mtu. Mambo kama hayo hayafunuliwi ovyo.

Basi mwaka huo wa tisini na tano ikaja barua kutoka kwa Kalunde, binti yake mkubwa, aliyekuwa muuguzi Gaborone. Kalunde alikuwa na ujauzito wa miezi minane. Kabla ya huo, mimba mbili zilikwisha kumtoka, na kila mara alikuwa peke yake. Ndani ya barua mlikuwa na tiketi ya ndege, iliyokatwa kwa jina tu bila namba ya paspoti, na sentensi moja ambayo Bi Nyamizi aliisoma mpaka karatasi ikachakaa kwenye mikunjo: "Mama, safari hii njoo, sina wa kunikanda."

Nani angebaki baada ya kusoma hayo? Bi Nyamizi alianza kusaga ulezi siku hiyohiyo. Maganga, aliyekuwa mwalimu na ndiye angemsindikiza mama yake kwa treni hadi Dar es Salaam, alimuuliza kama paspoti iko sawa. Mama akajibu kwamba iko kashani, mpya kabisa, haijaguswa na mtu. Akamwonyesha. Jalada lilikuwa linang'aa kama lililotoka jana kiwandani. Na Maganga, mtu aliyekuwa akisahihisha madaftari mia kwa siku na kumchapa mtoto kwa kusahau nukta, aliliangalia jalada, akasema safi.

Hapa akamenya karanga mbili, akaendelea.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Mwavua Kondo, Mzaramo, aliyeletwa Tabora na mumewe fundi wa treni. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu mababu zao walipokuwa wakikutana kwenye njia ya misafara ya pwani, na wanawake hawa wawili waliishika kazi hiyo kama ajira. Kwa miaka thelathini hawakuwahi kuamkiana kama binadamu. Bi Mwavua, ambaye ndiye mdogo, alipochungulia asubuhi aliuliza, "Mzigo wewe, hujafa tu?" na Bi Nyamizi alijibu, "Nakungoja wewe utangulie unifagilie njia." Hata siku ya kumzika Mzee Kapaya, Bi Mwavua alivaa kofia ya marehemu, akapuliza filimbi, akawafokea waombolezaji kwamba wanaichelewesha treni. Watu walicheka machozi yakiwa hayajakauka, na mjane mwenyewe akacheka. Mtani kazi yake ndiyo hiyo.

Basi alasiri ya kuamkia safari, majirani walikusanyika kufunga sanduku. Kila mmoja alikuja na chake cha kumpelekea Kalunde: huyu michembe ya viazi vikavu, yule karanga, yule chupa ya asali iliyofungwa na kufungwa tena kwa mpira wa baiskeli. Juu ya vyote Bi Nyamizi alitandaza mbeleko mpya. Kabla mfuniko haujashuka, Bi Mwavua akaingia, akakaa juu ya vitu vyote, akatangaza kwamba hafungi mtu mpaka Mnyamwezi alipe jogoo. Ndiyo haki ya mtani, hakuna aliyepinga. Wakati jogoo anakimbizwa uani, akakinyakua kile kifurushi cha zambarau, akakifungua mbele za watu.

Alianza na picha. Aliwauliza watu ni nani huyu msichana mwenye shingo, na kama kuna anayemjua basi asafiri yeye, huyu bibi abaki alinde kuku. Watu walikuwa hoi. Akafunua ukurasa mwingine, na mwingine. Kisha akakisogeza kitabu karibu na macho.

"Nyamizi," akasema, "kitabu chako kimekufa. Kimekufa tangu mwaka juzi."

Watu waliangua kicheko kipya. Akarudia. Mama mmoja akajishika kichwa akaanza kukililia kitabu, wengine wakapokea kilio, msiba wa paspoti ukakolea mpaka wapita njia wakasimama kuuliza. Bi Mwavua akaapa. Wakamwambia mtani hana kiapo. Akaapa kwa jina la mama yake, wakamuuliza kama huyo mama naye yumo kwenye utani. Kadiri alivyosema kweli ndivyo alivyochekesha. Mwisho Bi Nyamizi akamkabidhi jogoo, akampokonya paspoti bila kuitazama, akaifunga tena katika hariri. Wanaume wawili wakakalia sanduku, likafungika. Bi Mwavua alitoka na jogoo wake kwapani bila neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Asubuhi, stesheni ilijaa. Maganga aliliingiza sanduku behewani, akaligandamiza chini ya kiti, akachungulia dirishani kumwita mama yake apande. Bi Nyamizi alikuwa akiagana na watu, kifurushi chake kifuani, alipomwona Bi Mwavua anakuja. Alikwisha kuandaa jibu la kumtupia. Lakini Bi Mwavua alifika mbele yake, akapiga goti kidogo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada," akasema.

Bi Nyamizi akakibana kifurushi kifuani. Miaka thelathini, na hajawahi kuisikia shikamoo ikitoka kinywa kile.

"Mwavua, usinitanie leo."

"Leo sikutanii. Ndiyo maana nimekuamkia. Kifunue, dada."

"Treni inaondoka."

"Iache iondoke. Fungua ukurasa wa nne. Jana nilikuta kitu pale, sikukisoma mbele za watu."

Filimbi ya kwanza ikalia. Bi Nyamizi akaifungua hariri. Akapita picha ya msichana mwenye shingo, akafika ukurasa wa nne. Pale palikuwa na mhuri, na katika mhuri tarehe ya mwisho: kumi na mbili Julai, 1993. Lakini si mhuri uliomfanya akae chini pale pale sakafuni, na gauni lake la safari. Chini ya mhuri, kwa penseli, kwa ule mwandiko wa ofisi ya reli unaosimama wima kama askari, palikuwa pameandikwa: *Mama Kalunde, Julai 93 kiongezwe muda. Nikisahau, unikumbushe.*

Miaka kumi maneno yale yalikuwa yanamngoja gizani chini ya kasha. Kila sikukuu aliyapangusa vumbi, akayarudisha. Aliogopa kufunua akutane na mumewe, na mumewe alikuwa pale hasa akingoja kufunuliwa, ana neno la kumwambia.

Filimbi ya pili. Maganga, dirishani, alikuwa anaita mpaka sauti inapasuka, hajui ashuke au abaki behewani. Bi Mwavua aliona wazi kwamba hata wakienda kuhangaikia paspoti Dar, cheti cha kuzaliwa na barua ya mtaa viko Tabora, na bila hivyo Bi Nyamizi angerudishwa na treni ileile. Treni ikaanza kujivuta. Ndipo utani ukamrudi kinywani.

"Nenda tu, mwalimu," akamwambia Maganga. "Sanduku halina paspoti, lakini lina akili kuliko mlioliandaa."

Likaenda sanduku, mwenyewe akabaki. Dar, Maganga alimkuta muuguzi wa Iringa aliyefanya kazi hospitali moja na Kalunde, anaondoka na ndege ileile, akamwomba alichukue. Kwa hiyo michembe ilifika Gaborone, na asali ilifika, na mbeleko ilifika. Kalunde alienda uwanja wa ndege na tumbo lake, akampokea mama asiyekuwepo.

Nyuma huku, Bi Mwavua alimshika mwenzake mkono kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Walikwenda wote kwa mwenyekiti wa mtaa, wote kwa mpiga picha, ambako Bi Mwavua aliruhusu picha moja tu kwa madai kwamba mashine ya watu isije ikavunjika. Kisha wakangoja. Siku ya tisa simu ya stesheni ikaleta habari kwamba Kalunde amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Bi Nyamizi alishukuru Mungu, akaenda nyuma ya nyumba, akalia. Mwanawe alikuwa amezaa, na wa kumkanda hakuwepo. Kwa mara ya tatu Kalunde alikuwa peke yake.

Paspoti mpya ilitoka siku ya ishirini na tatu, na tiketi ikabadilishwa tarehe. Katika siku hizo zote, kila alipomwona Bi Nyamizi amekaa anatazama chini, Bi Mwavua alipita karibu naye akiimba kwa pua, "Asiyefunua paspoti asifunge sanduku, mama weee." Mwanzoni ilichoma. Siku moja Bi Nyamizi akamtupia kandambili, na wote wawili wakajua kwamba atapona. Watoto wa mtaa wakaudaka wimbo huo, wakaruka nao kamba, na hivyo ndivyo inavyozaliwa methali: mtu anaumia, jirani anaimba, watoto wanaruka.

Alipofika Gaborone, mjukuu wake alikuwa na siku kumi na saba. Kalunde hakumkimbilia mlangoni. Alikuwa amekaa kitandani, mtoto yumo ndani ya ile mbeleko, na kwenye meza kuna sufuria ya uji wa ulezi uliotoka sandukuni. Aliuliza neno moja tu, taratibu.

"Ulikuwa wapi, mama?"

Bi Nyamizi hakujitetea. Aliitoa ile paspoti ya zamani, ambayo ilikuwa imekatwa pembe kuonyesha kwamba haitumiki tena lakini aliiomba arudishiwe, akaifunua ukurasa wa nne, akaiweka juu ya magoti ya mwanawe. Kalunde akasoma. Hakuwa ameuona mwandiko wa baba yake tangu azikwe. Akapitisha kidole juu ya penseli, polepole, asiifute.

"Aliandika lini?" akauliza.

"Tukiwa India, nadhani. Usiku hakuwa akilala."

"Na wewe hukuwahi kufunua."

"Sikuwahi. Nilikuwa namtunza."

Kalunde akasogea kidogo kitandani, mama yake akapata pa kukaa. Baadaye maji yakachemshwa, na Bi Nyamizi akamkanda mwanawe kama kwamba siku ya kwanza ndiyo hiyo. Katikati ya kukandwa, Kalunde akauliza ni nani aliyemlazimisha afunue. Alipoambiwa ni mtani, kwa shikamoo moja, akamtazama mtoto, akasema basi jina limepatikana.

Hapo Babu Maganga akamaliza. Kutoka jikoni Mwavua, yule mtoto wa kwenye mbeleko, alisikika anagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Sitta alikuwa amekwisha kuitoa paspoti yake mfukoni, anatafuta tarehe kwa kidole, bila kupenda kuonekana anatafuta. Ilikuwa na miaka sita mbele. Akapumua, akamgeukia dada yake.

Mektilda alikuwa analitazama sanduku, lile lililowachukua nusu saa kulifunga.

"Imo humo," akasema. "Chini kabisa. Nimeizungushia leso isikunjike."

Babu yake akasogeza bakuli la karanga pembeni kuwapa nafasi.

"Haya," akasema, "fungueni. Asiyefunua paspoti asifunge sanduku."