Jaruba la Mdomo wa Mfereji

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya juzijuzi tu, mtandao ulikuwa ukifika bonde la Luhanjo kwa kuchechemea. Na katika bonde hilo aliishi mwanamke aitwaye Sekela.

Sekela alikuwa fundi wa kompyuta wa ofisi ya mabwawa, kule mjini. Mama yake alipopooza upande mmoja, alifunga virago akarudi nyumbani kumuuguza. Akawaambia wakubwa zake, "Kazi nitaifanya nikiwa huko huko."

Wakacheka. "Huko kwenu kuna mtandao?"

"Upo," akasema Sekela. "Ni wa polepole tu."

Polepole hapo ni neno la adabu. Zahanati, shule, ghala la mpunga na ofisi ya skimu ya umwagiliaji, vyote vilitegemea dishi moja lililosimama juu ya kilima cha Isyeto. Neno lilitoka kwenye dishi, likapanda angani hadi kwenye setilaiti, likashuka kule liendako, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo, likipishana na maneno ya watu wengine wote. Ukiandika jina lako, herufi ya kwanza ilitokea kwenye kioo wakati umeshaimaliza ya mwisho. Kwenye mikutano, wenzake wa mjini walikuwa wameshahamia jambo la pili, ndipo sauti ya Sekela inafika kujibu la kwanza. "Sekela, hilo tumeshalimaliza!" wakasema, na kicheko chao nacho kikamfikia kwa kuchelewa.

Hakukata tamaa. Alijifunza kuandika amri nzima pembeni, kuisoma, kuisoma tena, ndipo aitume. Akishatuma, anaondoa mikono kwenye kibodi. Anamgeuza mama yake ubavu, anachambua maharage, kisha anarudi kutazama jibu. Kazi ikaenda. Ilienda kwa magoti, lakini ilienda.

Basi ikaja masika iliyokasirika. Juu milimani kulikuwa na bwawa linalolisha bonde lote, lenye milango mitatu ya chuma iliyofunguliwa kwa kompyuta. Wasimamizi wa bwawa walikuwa wameshuka kufuata dizeli ya jenereta. Nyuma yao mlima ukaporomoka, ukameza barabara. Maporomoko hayo hayo yakakata waya mkubwa wa mtandao unaotoka mjini. Bwawa likabaki peke yake na mvua.

Asubuhi ile simu ya Sekela ikaita. Alikuwa mkuu wake wa kazi, Bwana Anyelwisye.

"Sekela, sisi huku hatuoni kitu. Ile kompyuta ya bwawani imebaki na njia ya setilaiti peke yake, ile ile ya dishi lenu. Jaribu wewe."

Sekela akakimbia hadi ofisi ya skimu, ambako mtandao ulishika kuliko nyumbani, akafungua kompyuta yake, akajaribu. Akangoja. Maji yalikuwa yamefika kwenye mstari mwekundu, na yalikuwa bado yanapanda.

"Bwana Anyelwisye, yakivuka ukingo?"

"Ukuta utakwenda nayo. Na bonde lenu litakwenda na ukuta. Fungua milango, lakini kidogo kidogo. Ukifungua kwa pupa, utawaua wa chini kabla ukuta haujawaua wa juu."

Mama Nsajigwa, mwenyekiti wa skimu, aliyasikia hayo kwenye spika ya simu. Akawatuma watu wapige kengele ya shule, wa kitongoji cha chini wahame. Nao wakaanza kuhama, na wazee, na mbuzi, na mama yake Sekela akiwa amebebwa kwenye machela ya zahanati.

Sekela akaandika amri ya kwanza, akaituma. Haikwenda. Akatazama: njia ilikuwa imejaa. Kulikuwa na mtu mwingine anayeitumia, naye aliishika sawasawa.

Mtu huyo alikuwa Subilaga, muuguzi wa zahanati. Alikuwa chumba cha pili, anafanya mtihani wa kuingia masomo ya juu ya ukunga. Mtihani ule ulifanyika mtandaoni, kamera ikimtazama usoni, na sharti lake lilikuwa moja: ukitoka, hurudi. Alikuwa amewahi kuuomba mara kadhaa na kukataliwa. Safari hii walikuwa wamemkubali.

Sekela akasimama mlangoni. "Dada Subilaga, naihitaji njia. Bwawa linajaa."

Subilaga hakugeuka. "Nikitoka sirudi, unajua?"

"Najua."

"Nimebakiza maswali machache, Sekela. Machache tu."

"Dada, maji hayajui."

Subilaga akaliangalia swali lililokuwa mbele yake. Akalijibu. Akaliangalia linalofuata, akalisoma hadi mwisho, midomo ikimcheza. Kisha akanyoosha mkono, akazima kompyuta. Akakaa akikitazama kioo cheusi kilichokuwa kikimwonyesha uso wake mwenyewe.

"Haya," akasema. "Kafungue."

Njia ikapumua. Amri ya kwanza ikaondoka. Sekela akangoja, na jibu likarudi: mlango wa kwanza umefunguka robo. Watu waliokuwa wamejazana ofisini wakapiga vigelegele. Na vigelegele havijaisha, upepo ukavuma kutoka Isyeto, na kioo kikaandika: hakuna mtandao.

"Dishi!" akasema Ambakisye.

Ambakisye alikuwa fundi simu wa pale sokoni. Dishi lile alilifunga yeye. Bolti moja ilipokatika miezi iliyopita, aliifunga sehemu ile kwa waya, akasema atanunua nyingine, na waya ukaendelea kushika hadi siku hiyo. Hakusubiri kuulizwa. Alishika njia ya kilima mvua ikimchapa, radi zikipasua juu yake. Alipofika alikuta dishi limelala kifudifudi. Akaliinua, akaliegemeza begani, akampigia Sekela.

"Niambie!"

"Kulia. Kulia tena. Umepita, rudi kidogo... Hapo! Hapo hapo, kaka, usipumue!"

"Nitakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka nikuambie."

"Haya," akasema Ambakisye. Upepo ulipolisukuma dishi, naye alilisukuma kulirudisha. Chuma kikamla bega. Ngozi ikachubuka, msuli ukachanika, mkono ukafa ganzi, lakini dishi halikugeuka.

Sekela akaandika amri ya mlango wa pili: ongeza robo. Akaisoma. Akaisoma tena. Akaituma. Akaondoa mikono kwenye kibodi.

Kimya.

Mvua ikapiga bati. Kimya. Mtu mmoja akaanza kusali kwa sauti. Kimya.

"Haijaenda," akasema Mama Nsajigwa. "Tuma tena."

"Labda imekwenda, Mama. Labda jibu ndilo halijarudi."

"Na kama haijaenda?"

"Na kama imekwenda? Amri hii haisemi fungua hadi hapa, inasema ongeza. Nikiituma mara mbili itafungua mara mbili. Kule chini bado kuna watu."

"Mwanangu, ukuta ukipasuka hakutakuwa na chini wala juu! Bonyeza!"

Sekela akamuuliza Bwana Anyelwisye kwenye simu. Mkuu wake akasema, "Sioni unachokiona, Sekela. Siwezi kukuamulia."

Mwanamume mmoja akanyoosha mkono kati ya mabega ya watu ili abonyeze mwenyewe. Sekela akaifunika kibodi kwa kifua chake. Wakamwita mchawi. Wakamwita muuaji. Yeye mwenyewe hakujua kama anaokoa au anaua. Lakini alikuwa ameishi na mtandao ule, akala nao, akalala nao. Aliujua uzembe wake. Akasema moyoni: ungekufa kioo kingesema umekufa. Huu haujafa, uko njiani.

Akangoja.

Jibu likaja likijikokota, neno kwa neno: mlango, wa pili, umefunguka, robo.

Mama Nsajigwa akakaa chini sakafuni.

Ukabaki mlango wa tatu. Maji yake hayakufuata mto; yalifuata mkondo wa zamani, na ndani ya mkondo huo kulikuwa na majaruba ya familia moja tu, ya mama yake Sekela. Mpunga ulikuwa umekwisha kuinamisha vichwa, unangoja mundu. Sekela akaandika amri. Akaisoma. Akaisoma tena, na safari hii macho yalikuwa na maji. Akaituma.

Alasiri maji yakashuka chini ya mstari mwekundu. Ukuta ukasimama. Bonde zima halikuzika mtu. Ambakisye akateremshwa kilimani akishikiliwa kwapani, na mkono wake wa kulia haukupanda tena juu ya kifua hadi leo. Subilaga aliandika kuomba arudishiwe mtihani, akajibiwa kwamba sharti ni sharti. Na mpunga wa mama yake Sekela ukawa matope.

Sasa, wasikilizaji wangu, sikilizeni vizuri.

Pale Luhanjo kuna jaruba liitwalo la mdomo wa mfereji. Ndilo la kwanza kunywa maji na la mwisho kukauka. Halikosi mavuno. Mwenyewe alikuwa amehamia kwa watoto wake mbali, akaliacha mikononi mwa skimu. Wakulima wakakubaliana lipewe aliyeliokoa bonde. Lakini sheria ya skimu ni moja na haina mlango wa nyuma: jaruba haligawanywi, wala haliandikwi majina mawili.

Wakakutana. Mama Nsajigwa akasimama na kigingi cha mpaka mkononi.

Ambakisye akasema, "Amri bila njia ni maneno yaliyobaki mdomoni. Njia niliibeba mimi, kwa bega hili. Wenzangu walikaa chini ya bati."

Mtu akamjibu, "Ungefunga bolti badala ya waya, lingeanguka?"

Subilaga akasema, "Dishi lilikuwa limesimama asubuhi, na amri haikupita, kwa sababu njia ilikuwa yangu. Wao walitoa nguvu zao. Mimi nilitoa maisha niliyokuwa nimeyangoja."

Mtu akamjibu, "Ulijibu swali moja kwanza. Tungekufa ukilijibu?"

Sekela akasema, "Njia ilikuwepo na nafasi ilikuwepo, na bado mkono mmoja wenye haraka ungewazamisha wa chini. Nilingoja mkinitukana. Kisha nikauzamisha mpunga wa mama yangu kwa kidole changu mwenyewe."

Mtu akamjibu, "Hiyo ni kazi yako, mwisho wa mwezi unalipwa. Na kusubiri kwako kulikuwa kubahatisha. Ungekosea, tungekulaumu kaburini?"

Hapo zogo likazuka. Wa kitongoji cha chini wakapiga kelele: Sekela! Vijana wa sokoni wakapiga kelele: Ambakisye! Wanawake waliowahi kuzalishwa na Subilaga wakasimama wote kwa pamoja, na watoto wao migongoni. Wao watatu walikaa benchi moja, bega kwa bega, na hakuna aliyesema mwenzake apewe. Kila mmoja alilitaka jaruba lile, na kila mmoja alilihitaji.

Mama Nsajigwa akakigeuzageuza kigingi. Akasema amechoka, akaahirisha mkutano. Na wiki iliyofuata akauahirisha tena.

Mimi sikuwepo kwenye benchi lile, wala sina kigingi. Ninyi mliokaa hapa mkanisikiliza hadi mwisho, semeni, na mseme jina moja tu: jaruba la mdomo wa mfereji, nani alistahili kupewa?