Kofia Iliyokula Mkono

Mtu mmoja alikuwa na binti mmoja na jua moja, na hao wawili hawakupatana hata siku moja.

Jina lake Meibuko, mvunja magadi. Alikaa na mkewe Nalangu katika kambi kando ya ule uwanda mweupe wa magadi ambao ukisimama katikati yake huoni mwanzo wala mwisho, unaona weupe tu, kana kwamba Mungu alianza kuumba hapo halafu akaitwa mahali pengine. Jua la huko halina mchezo. Linakupiga kutoka juu, likifika chini linagonga magadi, linarudi kukupiga kutoka chini, mpaka kidevu kinaungua. Mjusi wa huko akitaka kuvuka uwanda hungoja wingu, na wingu lisipokuja anaoa upande huohuo alioko. Mchana utaona punda wanatembea hewani, kwato hazigusi kitu. Utaona heroe, wale ndege wekundu wa miguu mirefu, wamesimama vichwa chini, miguu juu, ndani ya maji ambayo hayapo. Mgeni akiona hayo hukaa chini akajishika kichwa. Mwenyeji huendelea na kazi.

Na Meibuko alikuwa mwenyeji wa wenyeji. Akiinua sululu, ndege walihama. Akiishusha, bamba la magadi lilipasuka kuanzia miguuni pake mpaka ng'ambo, na watu wa ng'ambo wakaamka kukuta kazi yao imeshafanywa. Punda waliona kivuli chake wakajipanga wenyewe. Tangu anyolewe nywele za utoto hakuwahi kumwinamia mtu kumwomba kitu. Mwenyewe alisema shingo yake haina mkunjo.

Sasa binti yake, Nasieku, alizaliwa na ualbino. Ngozi yake ilikuwa nyeupe kama maziwa, nywele zake rangi ya majani ya kiangazi. Alikuwa wa umri ule ambao mtoto hatembei, anaanguka mbele na miguu inamkimbilia kumwokoa. Babake alimpenda mpaka kazini sululu ilikuwa inasimama angani kwanza, ageuke, amtafute kwa macho kule kambini, amwone, ndipo aishushe. Hakuna mwanamume aliyempenda mtoto hivyo kutoka pale mpaka baharini, na bahari iko mbali.

Kliniki waliwapa kofia. Kofia pana ya kitambaa cha buluu, ukingo wake mkubwa kama sinia. Muuguzi akaisukuma mpaka kwenye nyusi za mtoto, akasema isitoke kichwani juani, isitoke kabisa, maana nyuma ya sikio tayari palikuwa na doa jekundu, lile la kupona na kurudi, na doa la namna hiyo likizoea kurudi huja siku moja likakaa, likachimba.

Naye Noolaram, dada mkubwa wa Meibuko, aliyeolewa kule juu milimani ambako mawingu yanalala juu ya paa na kuku hupotea kwenye ukungu, akatuma neno. Mvua zikiisha nitashuka. Nikikuta kidonda, namchukua mtoto, atakulia huku kwangu ambako jua linaomba ruhusa. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana neno lile lilimlemea Meibuko, kwa sababu neno la ubaya angelijibu.

Basi vita vikaanza, mtu mzima na kofia.

Kumvisha hakukuwa shida. Mtoto alivaa vizuri, akatoka nje ya kibanda cha ngozi, na kabla mama yake hajashika kazi, kofia ilikuwa imekaa peke yake juu ya magadi na mtoto anakwenda zake, utosi unang'aa kama taa iliyosahauliwa mchana. Meibuko akafunga kamba ya kofia chini ya kidevu kwa fundo ambalo angefungia fahali wawili wenye ugomvi. Nasieku akalifungua kama anamenya ndizi. Nalangu akaishona kofia kwenye shuka yake. Mtoto akavua vyote, akaenda uchi. Babake akampaka asali puani ili asahau kichwa. Akalamba asali, kisha akavua kofia. Wakamtisha kwa fisi. Akamwita fisi aje. Mwisho Meibuko akamfokea kwa sauti ile ya kazini, ya kupasua mabamba. Mtoto akakaa na kofia mpaka babake alipogeuka. Alipogeuka, ikatoka.

"Meibuko!" wenzake walimwita kwenye magadi. "We si ndiye uliyesema ungevunja mlima ukisubiri chai? Kitambaa kimekushinda?"

"Mpe sululu huyo mtoto," akadakia mwingine, "baba mtu akashone kofia."

Wakacheka. Yeye akapiga magadi kwa nguvu ya kutoboa dunia, na doa nyuma ya sikio likarudi, safari hii jekundu zaidi. Mvua nazo zilikuwa zinaisha. Asubuhi ulikuwa unaona mawingu yanapanda kurudi milimani, moja moja, kama watu wanaotoka kwenye mkutano.

Siku moja aliiweka sululu chini. Akasema leo simfokei, simfungi, namfuata tu nione. Akakaa mbali, kwenye weupe, na hewa ikachezacheza mbele yake mpaka kambi yote ikawa kama iko chini ya maji. Akamwona binti yake anatoka kibandani na kofia yake ya buluu. Kitu kidogo cha buluu kinachoelea, hakina miguu, kinakwenda pole pole katikati ya punda wa hewani.

Sasa kwa watu wale, mtoto hamsalimii mkubwa kwa mdomo. Anamwendea, anainamisha kichwa, ananyamaza, na mkubwa anaweka kiganja utosini. Basi, salamu imekwisha. Mtoto wa huko anaweza kupita kwenye viganja vya kambi nzima kabla ya kunywa maziwa yake ya asubuhi, na kila kiganja kinamwambia kitu kimoja: tumekuona, upo, wewe ni wetu.

Kitu kile cha buluu kikafika mbele ya Ole Tipilit, mzee wa kambi, aliyekuwa anafunga gunia. Kikainama. Ole Tipilit akanyanyua mkono, na mkono ukafika njiani ukakwama. Hapana kuweka kiganja juu ya nguo. Nguo haina utosi. Akamwambia mtoto neno zuri kwa mdomo, akarudi kwenye gunia lake. Mtoto akabaki ameinama. Akangoja. Ungesema amelala wima. Halafu mikono miwili midogo ikapanda, ikaitoa kofia, ikaiweka chini kwa adabu kabisa, wala haikuitupa. Akainama tena. Na kiganja cha mzee, bila hata kufikiri, kikashuka mahali pake.

Akaenda kwa bibi aliyekuwa anakamua mbuzi. Kiganja. Akaenda kwa mke wa jirani. Kiganja. Alizunguka kambi yote na kichwa wazi, anakusanya mikono ya watu kama mtu anayeokota kuni, na jua lilikuwa linamfuata nyuma, nalo likimwekea kiganja chake.

Meibuko alisimama pale mpaka magadi yakaanza kumshika nyayo. Kisha Nasieku akamwona. Akaiokota kofia, labda kwa kuona babake ndiye mwenye vita nayo, akaja mpaka miguuni pake, kofia mkononi, kichwa kimeinama.

"Vaa, mama," Meibuko akasema. Hakufoka. "Kwa nini huvai?"

Mtoto akaitazama kofia kama unavyomtazama mbwa wa jirani.

"Inakula mkono," akasema.

Watu wanasema magadi hayana mwangwi. Siku ile yalikuwa nao. Meibuko alilisikia neno lile likienda mpaka mwisho wa uwanda, ambao hauna mwisho, na likarudi.

Akapiga magoti. Akamvisha kofia, akaweka kiganja juu yake. Mtoto akangoja vilevile, ameinama. Kwake ule haukuwa mkono, ulikuwa uzito tu. Basi akafanya kitu ambacho hakuna aliyemfundisha. Akainua kofia kidogo, kama mtu anayefunua chungu. Akaingiza kiganja chake, kile kigumu cha sululu, kikakaa juu ya nywele zile za majani makavu, kikakaa muda. Halafu akaishusha kofia juu ya mkono wake, na mkono akautoa taratibu kwa pembeni, kama mtu anayemlaza mtoto asiamke.

"Mkono umebaki humo," akamwambia. "Ukivua, unatoka."

Nasieku akashika ukingo wa kofia kwa mikono miwili, akauvuta mpaka masikioni. Akaenda zake hivyo hivyo, amejishikilia, anatembea kwa uangalifu kama aliyebeba maji yaliyojaa.

Lakini mkono mmoja haumtoshi mtoto wa kambi. Alipofika kwa Ole Tipilit akavua tena, maana alitaka na wa mzee. Hapo Meibuko akajua kazi imebaki, na kazi yenyewe haifanywi kwa sululu. Ilibidi aende kwa kila mkubwa wa pale, awaombe wabadilishe salamu. Yeye. Shingo isiyo na mkunjo.

Ole Tipilit alimsikiliza akakataa. "Kufunua kichwa cha mtoto na kukifunika ni mambo ya sokoni, watu wanapochagua vibuyu," alisema. "Salamu ni salamu. Wewe ulituambia kofia utaiweza mwenyewe, si ndiyo? Iweze."

Wale wa kucheka walikuwa wamekaa tayari kucheka. Meibuko alisimama hapo, mrefu kama nguzo ya simu, mrefu kupita hata hiyo nguzo, na jasho likamtoka ambalo sululu haijawahi kulitoa. Kisha mwanamume yule akafanya jambo ambalo watu wa uwanda ule wanalisimulia mpaka leo, na wasioliona wanasema waliliona. Akainamisha kichwa. Sio kama mzee mwenzake, hapana. Kama mtoto. Akanyamaza, akangoja.

Hata heroe wakageuza shingo. Na mkono wa Ole Tipilit, uliozoea kushuka popote panapoinama kichwa, ukashuka. Ukakaa juu ya utosi wa mtu mzima mwenye mke na punda. Ulipoondoka, macho ya Meibuko yalikuwa yamelowa, na ya mzee pia, na hakuna aliyecheka.

"Mlete mtoto," mzee akasema.

Tangu hapo ikawa ndiyo salamu yao. Mtoto anakuja ameshika kofia. Mkubwa anafunua kidogo, anaingiza mkono, anafunika. Jioni Nalangu alipomvua ndani ya kibanda, Nasieku alikuwa anachungulia ndani ya kofia, halafu anaigeuza na kuitikisa juu ya mkeka, atoe mikono ikalale.

Mvua zikaisha. Noolaram akashuka na punda wake, amejifunga shuka mbili kwa baridi ya alikotoka. Kambi yote ikamtazama, yeye akamtazama mtoto tu. Hakukaa, hata maziwa hakunywa. Akaivua kofia, akainama, akaangalia nyuma ya sikio. Nasieku akajua ni salamu. Akainamisha kichwa, akangoja.

Pale palipokuwa na doa ngozi ilikuwa imefunga, safi. Shangazi akavuta pumzi, akairudisha kofia kichwani, akaigongagonga kwa juu.

Mtoto akaivua. Akaiweka chini. Akainama.

"Si nilijua?" Noolaram akasema. "Havai! Mmemvalisha kwa sababu yangu. Nalangu, funga nguo zake."

Nalangu hakusogea. Meibuko akasogea mpaka kwa dada yake. Jua likakaa juu ya utosi ule ulio wazi, linangoja pamoja nao.

"Dada," Meibuko akasema mwishowe, polepole. "Umesahau mkono."

Noolaram akamwangalia, akaangalia kile kichwa kidogo kilichoinama mbele yake, kilichokuwa kinangoja bila haraka, kana kwamba mikono yote ya dunia lazima ifike, ni kuchelewa tu. Akanyoosha kiganja, akakiweka. Akakiacha. Nasieku mwenyewe akainama chini akaitafuta kofia kwa kupapasa, akiwa bado chini ya mkono wa shangazi, akaipandisha, akaufunika mkono ule ndani, kisha akamsukuma shangazi kwenye kiwiko ili autoe bila kuumwaga.

Noolaram alipanda milima peke yake siku ile. Walimwona anakwenda kwenye weupe, anapungua, punda wake hagusi chini, na kila mara alikuwa anautazama mkono wake wa kulia kama mtu aliyesahau kitu nyumbani na anafurahi kukisahau.

Nawe uliyemfunga mwanao fundo la fahali wawili, kisha unalia kwamba analifungua: kabla ya kukaza, ulitia nini ndani ya kofia?